Tangi la bahari bila mawe hai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchujaji wa kibayolojia

Ukurasa huu ni wa anayetaka kufuga samaki wa bahari nyumbani, dukani au hotelini bila kuweka mawe hai, yaani vipande vya matumbawe vinavyotolewa baharini vikiwa bado na viumbe wake ndani. Maswali yenyewe ndiyo yanayonifikia kutoka Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa, na machache kutoka bara. Mifano ya hesabu nimeiweka kwenye tangi la lita 200, kwa kuwa wengi huanzia hapo, na mwenye tangi dogo au kubwa atagawa au kuzidisha mwenyewe.

Samaki wa bahari wanaweza kweli kuishi bila mawe hai?

Wanaweza, na vizuri tu. Kabla mawe hai hayajaenea kwenye matangi ya majumbani, watu walifuga samaki wa bahari kwa mchanga, kokoto na sponji. Mpaka leo mashamba ya kuzalisha samaki wa bahari na matangi mengi ya karantini hayana jiwe hai hata moja.

Kinachosafisha maji ni bakteria walioshika juu ya jiwe na ndani ya vitundu vyake. Jiwe ni makazi yao tu. Bakteria hao wanataka vitu vinne: pa kushika, oksijeni, amonia ya kula, na muda wa kuongezeka. Ukiwapa hivyo kwenye sponji au plastiki, watafanya kazi ileile ya kuondoa amonia.

Yapo mengine ambayo jiwe hai hutoa na sponji haitoi. Ndani kabisa ya jiwe, mahali pasipo na oksijeni, huishi bakteria wengine wanaoondoa nitrati. Jiwe pia huja na wadudu wadogo, minyoo na sponji za bahari zinazokula mabaki. Ukiamua kuacha jiwe, kazi hizo utazifanya kwa njia nyingine, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu hizo njia nyingine.

Hao bakteria hasa wanafanya nini?

Samaki hutoa amonia, kwa wingi kupitia mashavu yake. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza navyo hutoa amonia. Kundi la kwanza la vijidudu huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia ni sumu kali, nitrati ni sumu hafifu. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenganisha bakteria hawa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba kazi yote ya kwanza ni ya bakteria waitwao Nitrosomonas. Kisha mwaka 2005 watafiti wakatangaza kwamba wamekuza kiumbe mwingine kabisa, wa kundi la akea (vijidudu vinavyofanana na bakteria lakini si bakteria), anayekula amonia. Walimpa jina Nitrosopumilus maritimus, na walimpata kwenye tangi la samaki wa bahari ya joto katika akwaria ya Seattle, Marekani. Nalipenda sana jambo hilo: kiumbe ambaye jamaa zake wamejaa katika bahari zote za dunia alikutwa kwenye changarawe za tangi la samaki.

Kwa mfugaji, la kushika ni hili: vijidudu hivi hukua polepole mno. Bakteria wa kuozesha chakula hujigawa kila baada ya nusu saa hivi wakipata nafasi, ila hawa wa amonia huchukua saa nyingi, mara nyingine siku nzima au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya haliharakishwi.

Mbona amonia inaua haraka zaidi kwenye tangi la bahari kuliko kwenye tangi la perege au la samaki wa mapambo wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi?

Kwa sababu ya pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji: ikishuka maji yana asidi zaidi, ikipanda yana asidi kidogo. Amonia majini iko katika hali mbili: amoniamu, ambayo haina madhara makubwa, na amonia yenyewe, ambayo ndiyo sumu. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo amoniamu inavyogeuka kuwa sumu. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.4, na sehemu yenye sumu hapo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya maji yenye pH 7. Kipimo kilekile cha amonia ambacho perege anakivumilia kitamuunguza kitatange mashavu.

Halafu kuna oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yakishiba oksijeni hubeba takriban miligramu 6.6 kwa lita, wakati maji yasiyo na chumvi ya joto hilohilo hubeba kama 8. Samaki anagombea hicho kidogo na bakteria wako.

Bahari iko mlangoni. Kwa nini nisiende tu kuokota jiwe maji yakitoka?

Hili naulizwa kuliko yote, na jibu langu halibadiliki: liache.

Kwanza sheria. Ndani ya hifadhi za bahari hairuhusiwi kutoa matumbawe. Hapo zimo Mafia, Mbudya na Bongoyo kwa upande wa Tanzania bara, Chumbe kule Zanzibar, na Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite kwa upande wa Kenya. Matumbawe magumu yako pia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Nje ya hifadhi, mtu wa kumuuliza ni ofisa uvuvi wa eneo lako. Yule kijana anayekuuzia ndoo ya mawe pwani hana mamlaka ya kukuruhusu.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, miamba yetu imeshapigwa vya kutosha. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania, na baruti za wavuvi zilivunja mengine kwa miaka mingi. Jiwe unaloliona limekaa bure chini ndipo tumbawe changa linapotua na kuanza maisha, na ndipo samaki wadogo wanapojificha. Chafi na pono tunaowala wanaanzia maisha kwenye mahali kama hapo. Kwa ajili ya tangi la sebuleni, na hali kazi yake inafanywa na sponji ya shilingi elfu chache, sioni sababu ya kuligusa.

Na mawe ya matumbawe ya machimbo, yale ya kujengea?

Hayo ni habari nyingine. Mawe yaliyojenga Mji Mkongwe, Lamu na Gedi ni matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu bahari ilipopungua maelfu ya miaka iliyopita. Hayana uhai, na kuyatumia hakugusi mwamba ulio hai. Kemikali yake ni ileile, kalsiamu kaboneti, hivyo hayaharibu maji ya bahari.

Shida ni kwamba mengi ni mazito na yamejifunga. Ukiwa machimboni, mwagia tone la maji kwenye uso mkavu wa jiwe. Likinywewa papo hapo, jiwe lina vitundu na bakteria watapata pa kuingia. Likibaki limekaa kama tone juu ya sahani, jiwe hilo ni pambo tu. Chagua mepesi, yenye matundu matundu.

Kataa jiwe lililotoka kwenye ukuta uliobomolewa. Litakuwa na chokaa au saruji, na pH itaruka. Kataa pia lenye udongo mwekundu uliozama ndani. Lisugue kwa brashi ngumu, liloweke kwenye maji yasiyo na chumvi kwa wiki mbili tatu huku ukibadilisha maji, kisha pima fosfati ya maji hayo. Fosfati ikionekana, endelea kuloweka. Usiweke asidi kama huna uzoefu nayo, kwa sababu brashi na subira vinatosha.

Jiwe kavu kama hilo likikaa tangini miezi kadhaa hushika bakteria juu, na polepole ndani pia. Ila mwanzoni lihesabu kuwa tupu.

Bakteria niwape nini cha kushika, basi?

Nitaanza na ninachokipenda: sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni rahisi, inaingiza hewa palepale bakteria walipo, haina cha kuharibika zaidi ya pampu, na pampu yenyewe inaweza kuendeshwa kwa betri. Kwa tangi la samaki peke yao lisilozidi lita 200, sponji mbili kubwa zenye matundu ya wastani zinatosha kuanzia. Nasema mbili ili ukiosha moja, nyingine ibaki na bakteria wake.

Vipande vya plastiki vinavyozunguka majini ni njia nzuri kwa tangi kubwa au duka. Vile vidogo vyenye umbo la gurudumu vilibuniwa Norwei kwa ajili ya kusafisha maji taka, kisha wafugaji wa samaki wakavichukua. Lita moja ya aina ya kawaida ina uso wa takriban nusu mita ya mraba uliokingwa ndani. Viwekwe kwenye chumba chenye hewa nyingi ya kuvirusha. Vinajisafisha vyenyewe kwa kugongana, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Chujio la matone, ambamo maji hudondoka juu ya plastiki au vipande vya kauri vilivyo hewani, hutoa oksijeni kuliko yote. Wengine wanalilaumu kwa kuzalisha nitrati. Ukweli ni kwamba linageuza amonia kuwa nitrati upesi, kama linavyotakiwa, na kuondoa nitrati ni kazi ya kitu kingine.

Pete za kauri na kioo chenye vitundu ni nzuri pia mradi maji yanayozifikia yamepita kwenye kitambaa au pamba kwanza. Zikizibwa na uchafu, vitundu vyake vyote vya ndani havina maana tena.

Mchanga wa matumbawe wa sentimita mbili tatu chini ya tangi unasaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Kila punje ina uso.

Nihitaji kiasi gani cha chujio?

Watu huhesabu samaki. Hesabu chakula, kwa maana amonia yote inaanzia mdomoni. Wafugaji wa samaki wana kanuni yao: uzito wa chakula kikavu, mara sehemu ya protini, mara 0.092, unapata uzito wa nitrojeni iliyo ndani ya amonia itakayotoka.

Chukua gramu 2 kwa siku za chakula chenye protini asilimia 40. Gramu 2 mara 0.4 mara 0.092 ni kama gramu 0.07. Katika lita 200 hiyo ni karibu miligramu 0.37 kwa lita kila siku. Bila bakteria, siku ya tatu umeshapita mahali ambapo samaki wanahema juu juu. Ukiwalisha gramu 5, ni karibu miligramu 0.9 kwa siku moja tu.

Kwa hiyo kipimo cha chujio ni jaribio. Tia amonia ya miligramu 2 kwa lita na upime baada ya saa 24. Kama amonia na nitriti zote zimerudi sifuri, chujio lako linabeba mzigo mara kadhaa ya ule wa gramu 2 za chakula. Kipimo hiki nakiamini kuliko maandishi ya kwenye boksi.

Nikomaze vipi tangi bila jiwe hai, na bila kumtesa samaki?

Kukomaza tangi ni kuwakuza bakteria wake mpaka watoshe kabla samaki hawajaingia. Usitumie samaki kukomazia tangi. Tumia amonia.

Weka maji yenye chumvi sahihi (uzito linganifu, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi, uwe 1.025 hadi 1.026), washa machujio yote na hewa, acha joto liwe nyuzi 27 au 28. Nunua amoniamu kloridi safi kwenye duka la kemikali za maabara. Gramu 1.2 katika lita 200 inakupa takriban miligramu 2 kwa lita. Yeyusha kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi. Amonia ya kusafishia nyumba yenye manukato au povu usiiguse.

Pima kila siku mbili. Kwa siku kadhaa hakuna kitakachoonekana kutokea, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kumwaga. Kisha amonia inaanza kushuka na nitriti inapanda, mara nyingine mpaka rangi ya kipimo inakuwa ya zambarau iliyokolea kiasi kwamba huwezi kuisoma. Kila amonia inapofika karibu sifuri, ongeza tena, lakini nusu ya kipimo cha kwanza. Baadaye nitriti nayo inaporomoka, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu baada ya kukaa juu muda mrefu. Tia sasa amonia ya miligramu 2. Zote mbili zikifika sifuri ndani ya saa 24, badilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati, kisha weka samaki.

Kwa kawaida ni wiki tatu hadi sita. Kipande cha kamba mbichi kinachooza tangini nacho hutoa amonia, kwa hiyo mtu aliyekosa amoniamu kloridi anaweza kukitumia. Kinanuka, na hujui kimetoa kiasi gani, ila kinafanya kazi.

Kuna njia ya kufupisha?

Ipo moja ya uhakika: omba sponji iliyokwisha kutumika kutoka kwa mwenzako mwenye tangi la bahari lenye afya. Isafiri ikiwa imelowa maji ya tangi, ndani ya mfuko wenye hewa, si ndani ya chupa iliyojaa maji na kufungwa. Ukiisokota hiyo sponji juu ya chujio lako jipya, yale maji ya kahawia yanayotoka ndiyo mbegu. Hakikisha tu tangi la mwenzako halina ugonjwa, maana mbegu na vimelea husafiri pamoja.

Bakteria wa chupa husaidia kama ni wa maji ya bahari na hawajakaa juani bandarini. Wa maji baridi si jamii ileile, na wakitiwa kwenye chumvi ghafla hawafanyi kazi inavyotakiwa. Ukinunua chupa, bado pima. Chupa haikupi ruhusa ya kuweka samaki siku hiyohiyo.

Nitriti iko juu na tayari nina samaki. Watakufa?

Punguza hofu. Katika maji ya bahari kloridi ni nyingi, na hushindana na nitriti kuingia kwenye mashavu ya samaki. Nitriti inayoua samaki wa maji baridi haraka huwa haina nguvu hiyo baharini. Acha kulisha siku mbili, ongeza hewa, badilisha maji, na angalia zaidi amonia. Amonia ikiwa sifuri, tangi linaelekea kukomaa.

Nitrati zinapanda tu kila wiki. Nifanyeje?

Hapa ndipo ukosefu wa jiwe hai unapoonekana. Tuchukue tena zile gramu 2 za chakula. Zote zikiishia kuwa nitrati, unapata kama miligramu 11 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha asilimia 20 ya maji kwa wiki, yaani ndoo mbili za lita 20, nitrati haitasimama mpaka ifike karibu 57 kabla ya kubadilisha na 46 baada yake. Watu wanabadilisha maji kwa uaminifu na kushangaa kwa nini nitrati haishuki. Hesabu yenyewe haiwaruhusu.

Kwa samaki wengi peke yao, 40 hivi inavumilika. Kwa matumbawe au anemoni, hapana. Kuna mahali kadhaa pa kuibana nitrati. Mashine ya povu huvuta uchafu wa protini kabla haujaoza, na kwenye tangi lisilo na mawe naiona kuwa lazima. Kikombe chake kikitoa maji meusi kama chai ya rangi, hiyo ni amonia ambayo haitazaliwa. Fyonza mabaki ya chakula chini kila wiki. Osha kitambaa cha chujio kila siku mbili tatu, kwa sababu uchafu uliokaa kwenye kitambaa bado uko tangini. Kisha panda mwani.

Wapo wanaotia siki au vodka ili bakteria wengine waongezeke na kula nitrati. Inawezekana, ila bakteria hao hunywa oksijeni kwa pupa, na ukizidisha maji yanakuwa meupe kama maziwa na samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Kwa mtu ambaye umeme wake hautabiriki, siishauri.

Mwani wa kawaida wa pwani unafaa?

Unafaa sana, na sisi tuna bahati hii kuliko wafugaji wa Ulaya. Mwani hula amonia na nitrati moja kwa moja, na ukiuvuna unatoa nitrojeni nje ya tangi kabisa. Uweke kwenye chumba cha pembeni au tangi la chini ambako samaki hawaufikii, chini ya taa ya saa 10 hadi 14, kwa maji yanayotembea. Ukiwasha taa hiyo usiku, pH haishuki sana gizani.

Mwani wa nyuzi ngumu kama waya unaojikunja kuwa mpira ndio mtulivu kuliko wote. Mwani wa majani mapana ya kijani unaoota kwenye mawe ya ufukweni unakua upesi, lakini vipande vyake huchanika na kuziba pampu. Mwani wa kibiashara unaolimwa Paje na Jambiani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 unataka mwanga mkali na maji yenye nguvu. Wengi wanaojaribu kuufuga ndani huona ukipauka na kuvunjika. Usiuanzie huo. Aina za majani kama manyoya zinazotambaa kwa mizizi hukua vizuri, ila zivune mara kwa mara, kwani zikiachwa zinaweza kufa zote kwa usiku mmoja na kurudisha majini kila kitu zilichokula.

Kabla ya kuutia, osha mwani kwenye ndoo ya maji ya bahari na uutikise. Utashangaa wanaodondoka: kaa wadogo, konokono, minyoo. Wengi hawana madhara, ila ni afadhali uwaone kwanza.

pH inashuka pole pole ingawa kila kitu kiko sawa. Kwa nini?

Kwa sababu bakteria wako wanafanya kazi. Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia wanayoigeuza hula karibu miligramu 7.1 za alkaliniti (akiba ya maji inayozuia pH isishuke) ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, na miligramu 4.6 hivi za oksijeni. Maji ya bahari yana alkaliniti ya takriban 7 dKH (dKH ni kizio cha kupimia alkaliniti), sawa na miligramu 125 kwa lita. Nitrati ikifika 44, zaidi ya nusu imeshaliwa kama hukubadilisha maji. Kwenye tangi la jiwe hai, bakteria wanaoondoa nitrati hurudisha sehemu ya alkaliniti. Kwako hawapo wa kutosha.

Magadi soda ya dukani, ile ya kuokea isiyochanganywa na kitu kingine, ndiyo dawa. Gramu 6 katika lita 200 hupandisha 1 dKH. Yeyusha kwenye maji yasiyo na chumvi, mimina taratibu mahali penye mkondo, na usizidi 1 dKH kwa siku.

Umeme ukikatika?

Hili ndilo linaloua matangi ya kwetu kuliko ukosefu wa jiwe.

Chujio la kanista, yaani lililo ndani ya chombo kilichofungwa, ni hatari zaidi. Maji yakisimama ndani, bakteria wanamaliza oksijeni upesi, kisha wanaanza kufa, na bakteria wa kuoza wanachukua nafasi. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, pampu inasukuma maji hayo yote kwa samaki. Ukifungua kifuniko na kunusa yai bovu, hiyo ni haidrojeni salfaidi. Mwaga maji yote ya kanista, suuza vilivyomo kwa maji ya bahari, ndipo uiwashe. Kama umeme umekatika zaidi ya saa mbili tatu, fanya hivyo hata kama hakuna harufu.

Sponji iliyo wazi tangini inavumilia zaidi, na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukizima huiokoa kabisa. Ukiwa na inveta, usiiunganishe na taa wala mashine ya povu. Iunganishe na pampu ya hewa na pampu moja ya kuzungusha maji. Vipande vya plastiki vilivyo kwenye chujio la matone vikilowa na kubaki hewani bakteria wake hukaa hai kwa saa nyingi.

Usilishe samaki wakati umeme umekatika, hata kama wanakuja mbele ya kioo. Na wakati wa joto la Februari na Machi, oksijeni inapokuwa imepungua tayari, panga mapema kana kwamba umeme utakatika.

Sponji niioshe na nini?

Na maji ya tangi uliyoyatoa siku ya kubadilisha maji. Ikamue mara kadhaa mpaka maji yawe ya kahawia hafifu, basi. Isitoke nyeupe. Maji ya bomba yana klorini, na hayana chumvi, vyote viwili vinaua bakteria. Osha moja wiki hii, nyingine baada ya wiki mbili.

Maji ya kuchota baharini yanafaa, au ninunue chumvi?

Yanafaa ukijua wapi na lini. Chota maji yakiwa yanajaa, hasa wakati wa bamvua, ambapo maji ya bahari kuu yanasukumwa hadi pwani. Kaa mbali na bandari, mitaro na midomo ya mito; Dar, usichote karibu na mto Msimbazi. Wakati wa masika subiri siku kadhaa baada ya mvua kubwa, kwa kuwa chumvi inashuka na uchafu wa mjini uko majini. Pitisha maji kwenye kitambaa kizito, yaweke kwenye pipa lenye kifuniko, gizani, na pampu ya hewa, kwa wiki moja au mbili. Pima chumvi kabla ya kutumia.

Walioko Nairobi, Arusha, Kampala au Kigali watatumia chumvi ya akwaria iliyotengenezwa, takriban gramu 36 hadi 38 kwa lita. Chumvi ya mezani haifai hata kidogo. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza, na usiku wa baridi hita ni lazima, sababu chini ya nyuzi 20 bakteria wanazorota.

Je, dawa ya shaba inaua bakteria wa chujio?

Kwa kipimo cha tiba, huwapunguza kasi lakini kwa kawaida hawafi wote. Pima amonia kila siku wakati wa dawa. Na hapa tangi lisilo na mawe lina faida kubwa: kalsiamu kaboneti hunyonya shaba, kwa hiyo kwenye tangi la mawe kipimo kinashuka bila wewe kutarajia, kisha kinabaki kwenye mawe. Tangi tupu lenye sponji na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia ndilo la kutibia ugonjwa wa vidoa vyeupe. Mchanga wa matumbawe utoe kwanza. Usiweke kamba, konokono wala matumbawe kwenye maji yaliyowahi kuwa na shaba.

Nianze na samaki gani?

Wawili wadogo, kisha usubiri wiki mbili huku ukipima. Samaki klauni waliozalishwa kwenye matangi ni chaguo zuri kuliko wote, kwani wamezoea chakula kikavu na hakuna mwamba ulioguswa kuwapata. Acha kangaja kwanza. Anahitaji nafasi ya kuogelea na mwani wa kukwangua kutwa, na tangi jipya lisilo na mawe halina hata kimoja. Vitatange wengi wanaokula matumbawe hufa kwa njaa hata maji yakiwa safi kabisa. Usiwanunue, hata muuzaji akikupunguzia.

Kwa kuwa hakuna mawe, wape pa kujificha. Vipande vya bomba, vyungu vya udongo visivyopakwa rangi, au mawe ya machimbo yaliyopangwa yasidondoke. Samaki asiye na maficho hukaa na hofu na kutokula vizuri, na chakula anachokiacha kinarudi kuwa amonia.

Baadaye nikitaka matumbawe laini, nitalazimika kuweka jiwe hai?

Hapana. Vipande vilivyokuzwa na wafugaji wengine huja vimebandikwa kwenye kitako kidogo, na unaweza kuvishikiza kwenye jiwe kavu. Subiri mpaka nitrati ikae chini ya 10 kwa miezi kadhaa bila kupanda na alkaliniti iwe imetulia. Anza na kipande kimoja cha aina isiyokufa kwa urahisi, kiweke penye mwanga wa wastani, na ukiangalie kwa mwezi mzima kama kinafunguka kila asubuhi kabla hujaleta cha pili.